Beji Niliyoiacha Ndani ya Gambuti

Kisaju, Jumamosi, saa nane mchana

Naserian binti yangu,

Wewe na mama yako mmeenda Kitengela kusukwa nywele, na ndugu yako Lemayian yuko na mbuzi huko chini, kwa hivyo nyumba nimeachiwa peke yangu. Nimekaa kwenye meza ya kulia na daftari langu la kazini, lile la kusomea mita, kwa sababu sikupata karatasi nyingine. Kesho saa kama hizi utakuwa angani unaelekea Korea. Nimeanza barua hii mara nne, na mara zote nne nimechana karatasi nikaitia motoni ili mama yako asiikute.

Sitakuandikia habari za sweta na pasipoti na watu wa kujihadhari nao. Mama yako ameyamaliza hayo, mchungaji akayarudia, na mjomba wako Kamau akaongeza ya kwake ambayo hakuna aliyemuuliza. Mimi nina jambo moja tu. Nimelibeba miaka kumi na saba na sijui vizuri linaanzia wapi, kwa hivyo utanivumilia nikizungukazunguka.

Kwanza ujue nimechanganyikiwa. Tangu ulipoleta ile barua ya kusema umechaguliwa kwenda kusomea ufundi wa mitambo ya nyuklia, sijalala vizuri na sijui kama ni furaha au ni hofu. Mbele ya watu natembea kama mtu aliyeshinda kesi. Juzi pale soko la mifugo la Kajiado mzee mmoja tunayefahamiana alinishika mkono akaniuliza, "Baba Naserian, nasikia msichana yako anaenda kutengeneza bomu?" Nikamwambia siyo bomu, ni stima. Akafikiria kidogo. "Sasa stima ya kuendea Korea? Si stima tuko nayo?" Nikamwambia tuko nayo siku zingine. Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, nikajiona baba mwenye akili. Lakini nilipofika stendi niliacha magari mawili ya Kisaju yaondoke bila kupanda.

Wewe ulidhani nimekasirika siku ile ya Alhamisi. Nataka nikueleze.

Tulikuwa tunakula. Mama yako akakuuliza lile swali lake kwa mara ya kumi, "Na hiyo kitu haitakuharibia mwili? Mimi nataka wajukuu." Ukacheka. Ukaingiza mkono kwenye pochi ukatoa kile kidude ulichopewa ulipokuwa unafanya mazoezi ya kazi kule hospitali, kwenye chumba cha eksirei. Ukamwambia, "Mum, angalia. Hii unaivaa hapa kwa kifua kila siku. Mionzi yote yenye inakupata, inaandika. Halafu wanaisoma. Hakuna mtu anaweza umia na isijulikane."

Mama yako akakigeuzageuza. "Kitu kidogo hivi?" Akaninyooshea nikione. Mimi sikukishika. Nilisema nasikia mbuzi wanasumbua, nikatoka, nikasimama kwenye boma karibu nusu saa. Mbuzi walikuwa wamelala, hakuna hata mmoja aliyekuwa na shida. Niliporudi ulikuwa umeshaosha vyombo na uliniambia "usiku mwema, baba" kwa ile sauti yako ya heshima unayoitumia ukiwa umeumia. Iliniuma sana.

Naserian, beji kama hiyo nimewahi kuivaa. Au niseme ukweli, maana ndiyo sababu ya kuandika: nimewahi kupewa.

Unajua kwamba nilifanya kazi kiwanda cha saruji kabla sijaajiriwa na watu wa maji. Unachokumbuka wewe ni vumbi. Nilikuwa narudi mweupe mpaka kope, na wewe ulikuwa unanichora mgongoni kwa kidole kabla sijaoga, unachora ng'ombe wenye miguu sita. Lakini sijawahi kukuambia nilichokuwa nafanya mle ndani. Kiwanda chenyewe sitakitaja. Wenye nacho wakati huo walishauza wakaenda, na viko vingi upande huu, na siandiki ili nishtaki mtu.

Wakati huo vijana wa jamii yetu tuliajiriwa kufungua geti na kufagia. Mimi nilikuwa wa kwanza wa upande wetu kuingizwa kwenye kikosi cha mafundi. Hujui jambo hilo lilikuwa kubwa namna gani kwangu. Kokoo wako, mama yangu, alimwambia kila mtu kanisani kwamba mwanawe ndiye anayetengeneza saruji, kana kwamba wengine wote walikuwa wanamtazama tu. Nilikuwa navaa ile ovaroli ya buluu hata siku ya mapumziko. Naomba usinicheke.

Kazi yetu ilikuwa kuzibua. Kulikuwa na mfereji mkubwa wa chuma ambao mawe yaliyochomwa yanashukia kwenda kusagwa, na mara kwa mara yalikuwa yanakwama. Pembeni mwa mfereji huo kulikuwa na kisanduku kizito, kimechorwa ile alama ya njano yenye mapanga matatu meusi. Wewe unaijua kuliko mimi. Ndani yake kulikuwa na kitu cha kutoa mionzi, inayopita upande wa pili na kuonyesha kama mfereji umejaa au uko tupu. Kilikuwa na mkono wa kukifunga. Sheria ilisema kabla mtu hajaingiza hata kichwa mle ndani, aitwe mwenye ufunguo aje akifunge na atie kufuli.

Mwenye ufunguo alikuwa mtu mmoja kwa kiwanda kizima. Ukimwita anakuja baada ya saa nzima, au haji kabisa kwa sababu yuko Nairobi kwenye mkutano. Na mawe yamekwama, na msimamizi anapiga kelele kwenye simu. Basi tulikuwa tunaingia. Dakika kumi, dakika ishirini, na nondo mkononi, kile kisanduku kikiwa wazi hapa karibu na nyonga. Hakitoi joto. Hakinuki. Unatoka unakunywa chai.

Tulikuwa wanne, na kila mmoja alipewa beji yake. Kila baada ya miezi mitatu mtu alikuja kuzikusanya, akaleta nyingine. Kulikuwa na Mkamba mmoja, Mutiso, fundi hodari kuliko sisi wote, mtu wa kusikiliza mashine kwa sikio na kukuambia bolti gani imelegea. Siku moja karatasi za vipimo zikarudi na beji ya Mutiso ilikuwa imesoma juu. Tulifikiri wataulizana kwa nini kisanduku hakifungwi. Hawakuuliza. Walimtoa kwenye ufundi wakampeleka kupakia magunia, wakamwambia ni kwa usalama wake. Ndani ya mwezi alikuwa ameacha kazi.

 Wiki iliyofuata sisi watatu tuliobaki, kila mmoja alijitafutia mahali pa kuificha beji yake. Mmoja alikuwa anaining'iniza nyuma ya mlango wa choo. Mwingine sikujua anaweka wapi. Mimi nilikuwa na gambuti la mpira la ziada ndani ya kabati langu pale pa kubadilishia nguo, nikawa naitumbukiza humo kila asubuhi. Ikifika siku ya kukusanya naitoa, naifuta vumbi, naivaa kifuani na kujipanga mstarini nikiwa na uso wa mtu mwema. Ilirudi safi kila mara. Yule mtu alikuwa ananiambia, "Wewe uko sawa kabisa," na mimi namshukuru.

Nilifanya hivyo karibu miaka miwili. Sikuwa mjinga, Naserian. Nilikuwa nimeenda shule, nilikuwa nasoma ile alama. Nilikuwa naogopa kurudi kwenye geti.

Na sasa unajua kazi ninayofanya. Nazunguka Kajiado nasoma mita za maji za watu. Nikikuta mtu amegeuza mita kichwa chini ili ihesabu kurudi nyuma, namwandika bila huruma, hata akinipigia magoti. Mama yako husema nina roho ngumu kwa jambo hilo. Nikiwa naandika, masikio yangu huwaka moto, na kwa miaka yote hii hakuna aliyenigundua.

Sasa nifike kwenye lile jambo lenyewe. Nimesimama kidogo nikaenda kuangalia kama kuna gari. Hakuna.

Ulikuwa na miaka mitano. Mama yako alikuwa na mimba ya miezi saba. Mwaka ule mfereji ulikuwa unaziba kila wiki, na kila wiki nilikuwa mle ndani. Ulipelekwa Loitokitok kwa shangazi yako, ukakaa wiki tatu, ukarudi umenenepa na umebeba nyanya kwenye sketi. Ukauliza, "Mtoto wetu ako wapi?" Nikakuambia hatumsemi. Ulikuwa mtoto mtiifu, hukuuliza tena, na mimi nikaona ni afadhali.

Alizaliwa bila kulia. Alikuwa mvulana. Nilimshika mimi, kwa sababu mama yako alikuwa bado hajapata fahamu vizuri. Alikuwa na masikio yako, yale yaliyosimama juu kidogo. Nilisimama pale kwenye ukumbi wa hospitali nikiwa na ovaroli yangu ya buluu na nikafikiria kile kisanduku. Ndilo lilikuwa wazo la kwanza kabisa, kabla hata ya kulia. Nikafikiria na lile gambuti.

Tulipomleta mama yako nyumbani, Kokoo wako alikuja. Unamjua Kokoo, hana neno la kuzunguka. Mama yako alikuwa amelala hata hajaweza kukaa, na mama yangu akasimama mlangoni akasema, "Wangari, wewe uliambiwa. Huku kwetu mwanamke ako na mimba hakuli mpaka anashiba. Wewe ulikula kila kitu. Maziwa, mayai, maparachichi ya kwenu. Mtoto amekuwa mkubwa amekushinda."

Wewe umekulia hapa, unajua huo ni utaratibu wa wazee wetu: mama mjamzito anapunguziwa chakula ili mtoto awe mdogo, azaliwe kwa urahisi. Mama yako ni wa Kiambu, alikuwa amelelewa kwamba mjamzito ashibe, na alikuwa akila parachichi kila siku kwa furaha. Yule mtoto hakuwa hata mkubwa. Nilimshika, alikuwa mwepesi. Hiyo nilikuwa na uwezo wa kuisema, bila hata kutaja kiwanda.

Mama yako akanitazama. Alikuwa ananingojea niseme kitu. Nilikuwa nimesimama kati ya kitanda na mlango, na nilinyamaza. Halafu mama yangu akasema jambo hilo lisitajwe tena, kwa sababu kwetu aliyekufa hatajwi, na mimi nikaikubali hiyo mila haraka sana. Nilikuwa na sababu zangu za kuipenda.

Umewahi kuona parachichi ndani ya nyumba hii? Uliwahi kumuuliza mama yako ukiwa darasa la sita, akakuambia zinamsumbua tumbo. Hazimsumbui.

Na halikuishia hapo. Alipopata mimba ya Lemayian alijinyima kweli kweli. Hakuna aliyemlazimisha, alijilazimisha mwenyewe. Alikuwa anakula uji mwepesi, anasukuma sahani, ananiambia ameshiba, na mimi namwona uso unakuwa kama karatasi. Mwezi wa nane alianguka jikoni. Tulimpeleka Kajiado, akaongezwa damu mara mbili, na muuguzi akanigombeza mbele ya watu akiniuliza mimi ni mwanaume wa namna gani nisiyelisha mke.  Lemayian alizaliwa mzima, asante Mungu, na Kokoo wako akasema, "Si mnaona?" Kila mtu akaona. Ndivyo mama yako alivyothibitishiwa kwamba yule mtoto aliyekufa, ni yeye aliyemuua.

Nilikuwa nimeshaacha kiwanda wakati huo. Niliacha wiki ya tatu baada ya yule mtoto, nikawaambia watu vumbi linanibana kifua.

Mara moja nilijaribu kuuliza. Nilimkuta daktari mmoja kijana, nikamwambia nina rafiki aliyefanya kazi karibu na mionzi na mkewe akampoteza mtoto, je, inaweza kuwa hiyo? Akaniuliza, "Huyo rafiki yako alipata kiasi gani?" Nikamwambia sijui. "Hakuwa na beji?" Nikamwambia alikuwa nayo. "Basi aangalie rekodi yake." Nikamwambia rekodi inasema hakupata kitu. Akafurahi, akaniambia, "Basi mwambie atulie, siyo hiyo." Nilitoka pale nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Kitu pekee ambacho kingenisaidia kujua, mimi mwenyewe ndiye niliyekifundisha kusema uongo.

Kwa hivyo mpaka leo sijui. Siku zingine najiambia haikuwa chochote, watoto huzaliwa hivyo na hakuna wa kulaumiwa. Siku zingine namwona mama yako akipita sokoni mbele ya kibanda cha matunda bila kugeuza macho na natamani ardhi ipasuke. Wewe ulipokuja na habari ya nyuklia nilifikiria ni Mungu ananitania. Halafu nikafikiria labda ananipa mtu wa kuniambia. Halafu nikafikiria labda anakuchukua na wewe. Mawazo yote matatu yananijia asubuhi moja, nikiwa nanyoa ndevu.

Siwezi kukuambia usiende. Sina haki hiyo, na isitoshe nataka uende. Ila uliposema hakuna mtu anaweza kuumia na isijulikane, niliona bado hujakutana na watu kama baba yako. Utakutana nao. Watakuwa wazuri, wachapa kazi, wana watoto nyumbani. Siku moja utakuwa wewe ndiye mwenye karatasi, na beji ya mtu itasoma juu. Nakuomba umfuate huyo mtu kwanza kwa utaratibu, umuulize ilikuwaje, na umwache kwenye kazi yake ya ufundi ukiweza. Ukimpeleka kwenye magunia, wengine wote watakuwa wanakutazama. Na yako wewe uivae hata siku unayoiogopa, siku hiyo hasa. Hayo tu ndiyo ninayoyajua kuhusu kazi yako, na niliyajua kwa njia mbaya.

Nilikuwa nataka nimalizie hapo. Nilikuwa nimeshaandika "baba yako anayekupenda". Lakini nimeisoma barua hii tangu mwanzo na nikaona nimerudia kosa lile lile. Nakuambia wewe, utakayekuwa mbali, ili nisimwambie mama yako ninayeishi naye. Nimefuta jina langu. Nasikia gari, nadhani ni nyinyi.

*

Saa kumi na mbili kasorobo.

Nywele zako zimependeza. Sikukuambia kwa sababu ulipita haraka kwenda kwa Kokoo, na yeye anakungoja na maziwa yake akubariki. Najua atakutemea mate kichwani na kukuambia maneno mengi. Natumaini utakaa naye bila kuharakisha.

Nimemwambia mama yako.

Alikuwa anamenya viazi, hizi waru zake, kwa ajili ya chakula chako. Nilisimama pale mlangoni, nikaona nimesimama tena karibu na mlango kama siku ile, nikaingia nikakaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Nikamwambia yote kama nilivyokuandikia, kisanduku, Mutiso, gambuti. Sikuongeza wala kupunguza. Hakuacha kumenya. Nilipofika kwa yule mtoto nikasema alikuwa mwepesi, kisu kikasimama.

Akasema, "Alikuwa mwepesi?"

Nikasema ndiyo.

"Mimi sikumshika. Mliniambia alikuwa mkubwa."

Nikamwambia ni mama yangu aliyesema, na mimi nilijua siyo kweli.  Halafu akauliza jambo ambalo sikulitegemea hata kidogo. "Hizo nguo zako za kazi. Si nilikuwa nazifua na mikono? Karai ikiwa imegusa tumbo?"

Nikamwambia ndiyo, kila Jumamosi.

"Hiyo kitu inashikanga kwa nguo?"

Nikamwambia sijui.

"Hujui," akasema. Hakuwa anauliza. Nilimwambia Naserian atajua, tumuulize leo, akanikatalia. Alisema swali hilo usiulizwe leo, uende kwa Korea yako bila mzigo wa kulijibu, lakini ukifika na ukishatulia umjibu yeye. Amesema nisiingie katikati, na jibu lisipitie kwa simu yangu. Tafadhali mpigie yeye mwenyewe umwambie ukweli, hata kama ukweli huo ni mbaya kwangu. Kama ni kwamba hakishiki kwa nguo, mwambie haraka, kwa sababu kuanzia leo nimempa hofu nyingine ya kulala nayo, na hiyo pia ni yangu.

Nilimwomba msamaha. Hakusema amenisamehe na hakusema hajanisamehe. Alifuta kisu kwenye aproni akasema, "Huyo mama yako ako hapo tu. Enda umwambie vile umeniambia. Saa hii, Naserian akiwa hapo."

Nikamwambia Kokoo ni mzee sasa, na leo ni siku ya baraka, na mtu aliyekufa hatajwi siku kama hii. Nilikuwa nazungumza vizuri sana. Mama yako alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nilitajwa," akasema. "Nikiwa kwa kitanda." Halafu akarudi kwenye waru zake.

Kwa hivyo nimekaa tena hapa mezani, lakini sasa nimevaa viatu. Kutoka hapa mpaka kwa Kokoo ni hatua kama mia mbili, na kupitia dirishani naona mlango wake uko wazi na wewe umeinama mbele yake. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mbili na ninamwogopa mama yangu, Naserian. Sijui nitaanza na neno gani. Sijui kama nitaharibu baraka yako. Nikisema, natumaini hutatoka nje, hata Kokoo akikuambia utoke. Natumaini utakaa hapo hapo uwe shahidi wa mama yako.

Naiweka barua hii ndani ya begi lako sasa, chini ya nguo, na nafunga zipu kabla sijatoka. Ukiipata kule utakuwa unajua tayari kama baba yako aliingia kwa mama yake leo akasema, au aliingia akaomba chai. Mimi bado sijui. Naenda.

Baba yako